Watoto Watano Niliowatoa Nakivale

Kitenge kilikuwa cha bluu chenye ndege wa manjano, na kina mama wa Kikongo walikuwa wamekinunua kwa ajili yangu. Nasema kwa ajili yangu kwa sababu mmoja wao, muuza ndagala, wale dagaa wakavu, wa pale senta kwenye maduka, wiki nzima kabla ya siku ya shukrani alikuwa akinipima mabega kwa viganja vyake na kujifanya ananitania. Shule yetu ya serikali, hapa Nakivale kwenye makazi ya wakimbizi, Uganda, haikuwahi kupata hata mtoto mmoja wa daraja la kwanza katika mtihani wa la saba. Mwaka ule ilipata wanane. Wanane, banange! Mimi ndiye niliyewafundisha hesabu tangu la tano.

Siku ya shukrani hedimasta alisimama mbele ya wazazi, akasema matokeo yale ni jasho lake. Kina mama wakaja wakiimba, kitenge wamekikunjua, wanataka kunivika mabegani jinsi wanavyomtendea kwao Kivu ya Kusini mtu wanayemshukuru. Yeye akanyoosha mkono akakipokea. Zawadi za shule hupokelewa na mkuu wa shule, alisema. Halafu akanituma nikachukue soda.

Jumapili iliyofuata mke wake alikivaa kanisani. Kilimkaa vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Msinicheke. Najua ni kitambaa. Lakini kitambaa kile kilikuja juu ya miaka sita ya mengine. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi. Baba yangu alikuwa koplo Mbarara, na Kiswahili nilikipata kwenye mistari ya nyumba za askari kabla sijajua lugha nyingine yoyote. Hedimasta, kama watu wengi wa rika lake huku kwetu, alikihesabu Kiswahili kuwa lugha ya wanajeshi na wezi. Nikimwita mtoto kwa Kiswahili uwanjani, ananiambia kwa Kinyankole, mbele ya watoto, "Mwalimu, hapa si kambini." Lakini siku ya kikao cha wazazi ananiita haraka nikamtafsirie, maana nusu ya wazazi hawamwelewi hata neno, wala yeye hawaelewi. Nilimtafsiria miaka sita. Kwenye fomu yangu ya tathmini kila mwaka aliandika kwamba mimi ni wa wastani.

Wa wastani! Haki ya Mungu, nilikuwa nikilala na neno hilo na kuamka nalo.

Likizo hiyo, kabla muhula haujafunguliwa, akanipigia simu mwanamke mmoja aliyekulia kambini kwetu, mkubwa wangu kwa miaka kama kumi. Sasa ana shule yake ya binafsi ya bweni, Mbarara. Alikuwa ameyasikia matokeo yetu. "Dada mdogo," akasema kwa Kiswahili chetu cha jeshini, "wewe nakaa kule porini nafanya nini? Kuja kwangu. Chumba iko, upande wa Ruharo, karibu na mama yako." Kisha akashusha sauti: "Na kama iko watoto wazuri, kuja nao. Hawatalipa kitu."

Hapo moyo wangu ulicheka. Nisiwafiche, ulicheka. Maana nyuma ya wale wanane kulikuwa na watano wanaoingia la saba, wasichana wanne na mvulana mmoja, wakali wa masomo kuliko wenzao wote. Hedimasta alikuwa ameshaanza kuwataja kwa maofisa wa wilaya. Nikiondoka peke yangu ataleta mwalimu mwingine. Nikiondoka na watano hao, atabaki na nini cha kujisifia? Niliketi kitandani nikimwona amesimama mbele ya wazazi mwaka unaofuata, mikono mitupu, na soda zake.

Mama yangu hakutaka. Pensheni ya baba ndiyo iliyotulea, na kwake yeye kazi ya serikali haiachwi. Anayeiacha amerukwa na akili. Nilimweleza habari ya chumba cha Ruharo, kwamba nitakuwa nikija kumpikia kila jioni. Alifurahi, nilimwona. Bado akaniuliza, "Unaondoka kwa ajili ya kazi, au kwa ajili ya kile kitambaa?"

"Kwa ajili ya kazi," nikasema.

"Mwongo mkubwa wewe."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba kwa wazazi wa wale watano. Wote walikubali siku hiyo hiyo. Muuza ndagala alikuwa wa mwisho. Bintiye alikuwa bora kuliko wote, msichana mkimya anayefanya hesabu kwa kidole hewani kabla hajaandika. Mama yake akasema: "Mwalimu, mutoto ni wako. Umupeleke fasi yenye atasoma muzuri." Sikumwambia neno juu ya hasira zangu.

Siku ya kwanza ya muhula niliingia chumba cha walimu, nikaiweka barua ya kujiuzulu mbele ya hedimasta, wenzangu wote wakiwa wapo. Kwa utaratibu wa serikali barua hiyo lazima ipitie kwake, aisaini, ndipo iende wilayani. "Na wale watoto watano usiwatafute," nikamwambia. "Wako Mbarara." Niliona uso wake ukibadilika rangi. Nitasema nini zaidi? Ilikuwa tamu. Nilitoka pale natembea polepole ili nisiimalize haraka.

Miezi miwili nilikaa vizuri. Madarasa yenye vioo, chaki tele, watoto arobaini badala ya mia na ishirini. Jioni nilimpikia mama. Nilikuwa nikimfikiria hedimasta kila siku, lakini kwa raha.

Kisha ukaja mtihani wa mchujo. Mimi mjinga, sikuujua. Shule za binafsi nyingi zina desturi hii: kabla hawajaandikisha watoto kwa mtihani wa taifa, wanawapima kwanza. Anayeonekana hatapata daraja la kwanza haandikishwi kwa jina la shule yao, asije akaharibu sifa. Binti wa muuza ndagala alikuwa ametoka malaria wiki ile ile. Alifanya mtihani huku akitetemeka, akafeli.

Nilimwendea yule dada yangu wa kambini ofisini. Nikamwambia huyu ni bora kuliko wote, alikuwa mgonjwa, nitamfundisha mimi mwenyewe mchana na jioni.

"Hapana. Huyu hapa hataandikwa."

"Ulisema niwalete!"

"Nilisema watoto wazuri," akasema, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Wewe bado iko na akili ya serikali. Rudisha yeye alikotoka."

Nilijaribu shule mbili ndogo za jirani. Orodha zao zilikuwa zimeshafungwa. Zilibaki siku tatu uandikishaji wa taifa ufungwe. Asiyeandikishwa anapoteza mwaka mzima, na mtoto wa kike wa pale Nakivale akipoteza mwaka hatujui kama atarudi darasani. Shule moja tu ilikuwa bado ina nafasi, na ilikuwa kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimechota watoto wake.

Nilimrudisha Nakivale. Kwanza nilikwenda naye kwa mama yake, na safari hii nilimweleza yote, hata habari ya kitenge, hata jinsi moyo ulivyocheka. Mama yule aliendelea kuchagua ndagala zake, anatupa zilizovunjika pembeni.

Asubuhi nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya hedimasta, mtoto kando yangu. Tulikaa tangu paredi ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Walimu wenzangu walipita, wengine wananisalimu, wengine wanatazama viatu vyao. Hedimasta alijua niko pale. Mara mbili alitoka, akatupita kana kwamba benchi liko tupu. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo, na hilo halikunipunguzia chuki hata kidogo.

Aliponiita ndani niliomba. Nilimwomba kwa lugha yake, kwa heshima zote, kichwa chini. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akafungua droo akatoa barua yangu. Hakuwa ameisaini. Hakuwa ameipeleka popote; kwa serikali bado nilikuwa mwalimu wake.

"Nitamwandikisha," akasema. "Wewe ichane hii, na kesho saa moja uwe la saba. Hutaki, naisaini sasa hivi, uende na mtoto wako."

Nikafikiri juu ya chumba cha Ruharo. Nikafikiri juu ya mama, na wale wanne niliowaacha Mbarara watakaofanya mtihani bila mimi. Nikamfikiria mtu huyu nikiwa chini yake mwaka mwingine, na mwingine. Dirishani mtoto alikuwa akichora namba hewani kwa kidole. Niliichana. Yeye akavuta orodha karibu, akaandika jina la mtoto kwa mwandiko mzuri sana.

Muuza ndagala alikuwa ameingia bila kubisha, bado ananuka samaki. Akamwangukia hedimasta miguuni. Kisha akainuka, akageuka akanitazama mimi machoni.

"Umwambie baba, aksanti mingi," akasema. "Na umwambie, ule mwenye alitoa mutoto wangu hapa juu ya hasira yake, Mungu amusamehe. Mimi bado sijaweza."

Hedimasta alitazama huku na huku. "Amesema nini?" akaniuliza.

Nikamtafsiria. Yote.