Chuo Kikuu cha Tembe

Juzi, katika ofisi ya wilaya hapa Mbulu, niliwaonyesha wazee wa baraza mchoro wangu wa chuo kikuu tunachokiomba. Jengo limechimbiwa kwenye mteremko, na paa lake la udongo linaungana na kilima ili kuzuia baridi.

Mzee mmoja aliinama, akatazama. "Mwalimu, hii si tembe?"

"Ni tembe, mzee."

"Umesoma miaka yote hiyo, urudi utuchoree nyumba ya mama yangu?"

Walicheka, nami nikacheka. Kisha wakaukataa mchoro: chuo kiwe cha bati, kama nyumba ya mwalimu.

Niliharakisha kwenda kumsimulia mke wangu, ambaye angecheka kuliko wote. Mlangoni nikakumbuka kwamba tulimzika masika. Ndani, chini ya bati langu, kulikuwa na baridi.