Sauti ya Pacha Wangu

Watu wa Iringa hawakujua watuite nani. Kwaya hatukuwa, bendi ya dansi hatukuwa, na bongo fleva hatukuiweza. Tulipiga roki, magitaa mawili na dramu, kwa Kiswahili chenye Kihehe ndani yake. Wasichana wawili na mvulana mmoja.

Mimi na mwimbaji wetu tulikutana tukiwa wadogo, kwenye kwaya ya watoto ya kanisa la Kilutheri. Tulizaliwa wiki moja, basi akaniita pacha, nami nikamwita pacha, hadi walimu wengine wakaamini. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, ya kujazia. Yake ilianza chini, kavu kidogo, kama mtu anayemweleza mwenzake jambo wakiwa wanaota moto, halafu ikapanda taratibu mpaka unasahau kupumua. Mwalimu wa kwaya alikuwa akimkataza kuitoa yote kwa sababu aliwafunika wenzake.

Mpiga dramu tulimpata chuoni. Alikuwa kijana wa Mbeya, mtoto wa mfanyabiashara wa vitenge pale Mwanjelwa. Likizo tulikwenda kwao tukafanya mazoezi kwenye stoo ya duka, ambako majora ya vitambaa yalimeza kelele zetu. Siku moja baba yake alisimama mlangoni, katoka kuswali alasiri, akasikiliza wimbo mzima. Tulijua tunafukuzwa.

"Huyu binti anaimba kama mtu mwenye jambo," akasema. "Ninyi wawili punguzeni fujo, asikike."

Tukapunguza. Tangu siku hiyo ndipo tulipoanza kuwa bendi.

Mwanzoni tulipigia watu wasiotutaka. Kwenye harusi moja MC alitukatisha katikati ya wimbo, akaweka singeli, na bibi harusi mwenyewe akashangilia. Halafu tukaenda Chimala, wakati wa mavuno ya mpunga, kwenye tamasha dogo karibu na soko. Umeme ukakatika mchana kweupe. Magitaa yakafa. Pacha akashuka jukwaani, akasimama katikati ya watu, akaendelea kuimba bila maiki, na mpiga dramu akamfuata akipiga gunia la mchele kwa viganja. Wapakiaji wakatua mizigo. Mama lishe mmoja alibaki ameshika upawa hewani. Mtu akarekodi kwa simu, na kabla mwezi haujaisha watu tusiowajua walikuwa wanatuandikia kutoka kila mahali.

Tukaitwa Dodoma, Dar es Salaam, Nairobi. Safari moja basi liliposimama Ilula, dada anayeuza nyanya alikuja dirishani kwetu huku anauimba wimbo wetu, hajui anamuuzia nani. Pacha alinunua ndoo nzima, akazigawa kwa abiria wote. Alicheka mpaka Mikumi.

Alikuwa ameanza kuvaa kitambaa shingoni. Wasichana waliokuja kututazama wakaiga, wakidhani ni mtindo. Mimi nilijua kilichokuwa chini yake. Kwetu milimani uvimbe ule tunauita rovu, na bibi zetu wengi walizeeka nao, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini la pacha lilikua haraka. Akaanza kukosa pumzi akilala chali, kisha akaanza kukosa pumzi akiimba.

Daktari alitueleza bila kuficha. Uvimbe ulikuwa unabana njia ya hewa, na ulikuwa umeuzunguka mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Ukiachwa, ungemuua. Ukitolewa, sauti ingeweza kwenda nao.

"Nitaimba tena?" pacha akauliza.

"Mwanangu, sijui," daktari akasema. "Nakuahidi nitakuwa mwangalifu. Zaidi ya hapo nitakudanganya."

Siku moja kabla ya upasuaji, wagonjwa wenzake wodini walimtambua. Wakamwomba awaimbie hata ubeti mmoja. Akatabasamu, akawaambia, "Nitawaimbia nikipona, mama zangu." Nilikuwa nimekaa kitandani kwake. Sikumwambia aimbe. Nani angemwambia?

Upasuaji ulimwokoa. Alipoamka aliniita, na kilichotoka kilikuwa hewa tu. Tulisubiri. Tulifanya mazoezi yote tuliyoelekezwa hospitalini. Mama yake alimchemshia kila jani alilotajiwa. Baada ya miezi mingi akapata mnong'ono wenye mikwaruzo, na hapo pakaishia.

Ni yeye aliyeamua niimbe mimi. Tulikuwa tumeshakubali mwaliko wa onesho kubwa Mbeya, na alikataa katakata tuuvunje. "Vidole vyangu vizima," alinong'ona. "Nitapiga gitaa. Wewe imba." Akanifundisha nyimbo zake moja moja, mle mle kwenye stoo ya vitenge, mdomo wake sikioni mwangu. Nilipokosea alinifinya mkono. Nilipopatia alifumba macho.

Onesho lilijaa. Niliimba vizuri kuliko nilivyowahi kuimba maishani. Katikati ya wimbo wa Chimala niligeuka upande wake, nikamwona anapiga gitaa huku midomo yake inatembea, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, mishipa ya shingo imesimama juu ya lile kovu. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Mpiga dramu naye alikuwa amemwona, akainamisha kichwa, akaendelea kupiga. Watu wakatushangilia kwa kelele ambazo hatujawahi kuzisikia. Kuna waliodhani ni mimi niliyeimba siku zote.

Nyuma ya jukwaa alikuwa anafuta gitaa lake.

"Umeziimba vizuri, pacha," akasema. "Usiache kwa ajili yangu. Lakini usinialike tena."

"Basi tusimamishe wote."

"Nimesema usiache." Akanishika uso kwa mikono miwili. "Mimi siwezi kusimama pale. Ukinipenda, usinilazimishe."

Tuliendelea kidogo, mimi na mpiga dramu, na mpiga gitaa wa kuazima. Watu walikuja. Tulikuwa tunapiga sawasawa, na tulikuwa tunarudi nyumbani bila la kuzungumza. Baba yake alipozeeka, mpiga dramu akashika duka. Mimi nikapata kazi ya ualimu, na bendi ikaisha bila mtu kutamka kwamba imeisha.

Pacha aliolewa Kilolo. Analima viazi na maharage, ana binti anayekaribia kwenda chekechea. Mwaka huu nilimtembelea. Tulikuwa jikoni tunapukuchua maharage, redio iko dirishani, ukapigwa wimbo wetu mmojawapo wa zamani, wenye sauti yake. Nilinyoosha mkono nizime. Akatikisa kichwa.

Mtoto alisimama akasikiliza, mdomo wazi.

"Mama, nani anaimba?"

Pacha hakuinua uso. "Ni rafiki yake mama mdogo," akanong'ona, akinionesha kwa kidevu.

Mtoto akanigeukia. "Yuko wapi?"

Nilimtazama pacha, naye akanitazama, akingoja kusikia nitajibu nini.

"Alihama," nikasema.

"Anaimba vizuri," mtoto akasema, akarudi nje kucheza. Wimbo ulipokwisha pacha alisogeza ungo karibu yangu, akachota maganda mengine, tukapukuchua hadi maharage yakaisha.