Somoe na Barabara ya Mtanda

Grisi iliyochanganyika na vumbi la chuma ina harufu yake. Si ya mafuta ya taa, si ya kutu. Ni nzito, tamu kidogo, na hukaa kwenye kucha hata ukioga vipi. Juzi nilipeleka pikipiki yangu gereji, pale chini mjini Lindi. Fundi akachomoa beringi ya gurudumu la nyuma na kuizungusha kidoleni ili nisikie ilivyokwisha. Ikatoa ile sauti yake kavu ya kukwaruza, na harufu ikanipanda puani. Fundi akaendelea kunieleza habari za vipuri, mimi nikawa simsikii tena. Nilikuwa Mtanda, nimemkumbatia dada yangu kwa nyuma, tunashuka.

Ninyi mliokulia kwenye nchi tambarare huenda hamlijui gari la beringi. Ni ubao mpana wa kukalia. Nyuma kuna mti uliochongwa ncha mbili, kila ncha imevishwa beringi iliyotupwa na mafundi wa magari, na mbele kuna mti mwingine wenye beringi moja katikati, ambao dereva anaukanyaga kwa miguu kulia na kushoto ili gari lipinde. Breki ni kipande cha tairi. Injini halina, injini yake ni mlima, na mlima sisi tulikuwa nao. Mtanda iko juu, mji uko chini, na katikati kuna barabara ya lami inayoteremka kwa kona, kana kwamba aliyeichora alikuwa akitufikiria sisi watoto.

Dada yangu anaitwa Somoe. Wakati huo yeye alikuwa darasa la sita na mimi la nne. Yeye ndiye dereva, mimi msukumaji. Kazi yangu ilikuwa kukimbia nyuma ya gari nikilisukuma, na likishika kasi nadandia, nakishika kiuno chake na kuuficha uso mgongoni kwake. Kwa hiyo yale mashindano, nikiwaambia ukweli, mimi sikuyaona. Niliyasikia. Nilisikia gauni lake likipigwa na upepo, beringi zikilia juu ya lami, na sauti ya Somoe ikisema, "Lala kulia, Tumbiri," au "Lala kushoto," nami nalala. Tumbiri ndilo jina alilonipa kwa jinsi nilivyokuwa namng'ang'ania. Mama alizoea kuwaambia majirani kwamba yeye Mungu kamjaalia watoto wawili na magurudumu matatu.

Tulishindana jioni, baada ya madrasa, tangu mvua zinapokatika mpaka zinaporudi. Mtoto mmoja aliwekwa kwenye kona ya tangi la maji apige mluzi akiona gari la kweli linapanda. Walikuja watoto wa mtaani kwetu, na walikuja wa mtaa wa Ndoro. Katika wote wale, Somoe alikuwa msichana peke yake anayeendesha. Mwanzoni wavulana walicheka. Alipoanza kuwashinda, wengine wakadai wasichana ni wepesi ndiyo maana wanakimbia, wengine wakadai wasichana ni wazito ndiyo maana wanateremka haraka. Somoe akawaambia wakubaliane kwanza wenyewe, halafu waje kumwambia.

Aliyekuwa anamsumbua ni mmoja tu, Chande wa Ndoro. Mjomba wake alikuwa fundi wa malori, kwa hiyo Chande alipata beringi kubwa kubwa ambazo sisi tulikuwa tunaziona kama vito vya thamani. Alikuwa kijana mrefu, mpole, hana maneno mengi. Mwaka ule wote walikuwa wanapokezana ushindi, leo huyu, kesho yule, hadi mawingu yakaanza kujikusanya upande wa bara na kila mtu akajua zimebaki siku chache. Wakakubaliana kushuka mara ya mwisho, na atakayeshinda ndiye bingwa wa msimu.

Siku hiyo hata watu wazima walisimama kando ya barabara. Nilisukuma mpaka nikahisi mapafu yatanitoka mdomoni, nikadandia. Kwenye kona ya tangi nilisikia beringi za Chande zikibaki nyuma yetu. Nikajua tumeshinda. Mara gari letu likatetemeka, ukasikika mlio kama wa sahani ikivunjika, na gololi zikamwagika barabarani. Beringi ya nyuma ilikuwa imepasuka. Somoe hakusimama. Alinivuta upande wa pili kwa mkono mmoja, akaliendesha gari kwa magurudumu mawili huku ncha ya mti ikiburuza lami na kutoa moshi. Chande alitupita karibu kabisa na mwisho. Tulipoanguka, goti la Somoe lilikuwa limechunika na gauni limepasuka ubavuni, naye alikuwa amelala chali pembeni mwa barabara anacheka mpaka machozi.

Chande akarudi, akamwinua.

"Mwakani, Somoe," alisema.

"Mwakani," Somoe akajibu. "Na hizo beringi za mjomba wako zilinde vizuri, maana hazitakusaidia."

Keshokutwa yake mvua ikaanza.

Masika ya mwaka ule tuliishi kwenye jiko la nje. Lilikuwa banda la makuti lenye moshi mwingi na kuta za udongo, na kwenye ukuta mmoja Somoe alichora barabara yote ya Mtanda kwa mkaa, kuanzia juu kwetu hadi chini mjini, kila kona mahali pake. Mama alipoona ukuta wake umechafuliwa aligomba, lakini hakuufuta. Mvua ikinyesha sisi tulikaa mbele ya ile barabara. Somoe aliweka kidole kwenye kona ya tangi na kuniuliza, "Hapa tunalala lini?" Nikijibu vibaya, tunarudi juu kabisa na kuanza kushuka upya.

Aliamua gari la mwaka unaofuata liwe na magurudumu manne. Alisema ikipasuka moja, tatu zitatufikisha. Aliamua mti wa nyuma uwe mrefu zaidi, breki ziwe mbili, na ubao uchongwe ncha ili upasue upepo. Baadaye, mvua zikiwa zimekolea, akaamua jambo jingine lililonishangaza: nami nijifunze kuendesha. Alinikalisha mbele, miguu yangu juu ya kuni, yeye akakaa nyuma yangu. "Kanyaga kushoto. Usikanyage kwa hasira. Gari haligombezwi, linaombwa." Nikamwambia mimi ni msukumaji. Akasema dereva anaweza kuugua, anaweza kutumwa, gari lisilale kwa sababu ya mtu mmoja. Niliona ni maneno ya busara. Nilikuwa na miaka tisa au kumi hivi, na muhogo wa kuchoma mkononi.

Mvua zilipokatika gari lilikuwa karibu kukamilika. Beringi tulizipata kwa kuzunguka gereji moja baada ya nyingine, Somoe akiwaamkia mafundi shikamoo tamu sana mpaka wakashindwa kutunyima. Tulilipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye kopo la jirani. Shule zikafunga. Siku moja nikarudi kutoka madrasa nikiwa nimebeba misumari mfukoni, nikamkuta mama peke yake anafua.

"Dada yuko wapi?"

"Kaenda Ng'apa na bibi yako."

"Anarudi lini?"

"Atarudi," mama alisema. Aliendelea kulikamua shuka lililokwisha kukauka maji.

Bibi yetu mzaa mama aliishi Ng'apa, kwenye mashamba ya mikorosho. Kila mwaka baada ya mavuno ya mahindi, wasichana waliofikia umri walikwenda kule kuchezwa, kufundwa na akina bibi mambo ya utu uzima. Mimi nilijua kuna kitu kinachoitwa unyago kama nilivyojua kuna kitu kinachoitwa Bunge. Sikufikiri kina uhusiano wowote na nyumba yetu.

Mashindano yakaanza bila sisi. Sikuwa tayari kulitoa gari letu bila dereva wake. Chande alipanda hadi kwetu, akamwamkia mama, akalitazama gari la bluu lililoegemezwa ukutani. Akaligusa kwa kidole.

"Manne," alisema.

"Manne," nikamwambia. "Subiri arudi."

Alisubiri. Alishindana na wengine, lakini kila jioni alipofika juu alitazama upande wa nyumbani kwetu.

Somoe akarudi siku ya Ijumaa, kwa gari la kukodi lililojaa shangazi na majirani, na ngoma, na vigelegele vilivyoanza kusikika tangu bondeni. Walimshusha amejifunika kanga mpya, kichwa kimenyolewa, ngozi inang'aa mafuta, macho chini. Watu walimtunza pesa na vitambaa. Mama alikuwa analia na kucheka, na bibi alicheza kama msichana. Ilikuwa furaha ya kweli, sitaki mdhani vingine. Nami nilikuwa na furaha yangu. Nilipenya katikati ya miguu ya watu mpaka nikamfikia.

"Dada, limekwisha," nilimwambia. "Nimepaka grisi. Chande anakusubiri. Kesho tunashuka."

Hakuinua macho. Akasema polepole, kwa sauti ambayo sikuwa naijua, "Hujambo, Issa."

Issa ni jina langu. Hakuna kosa lolote mtu kuitwa kwa jina lake. Lakini nilihisi kama nimepigwa kofi.

"Kesho tunashuka," nilirudia, labda hakusikia.

Bibi alikuwa amesimama pembeni yake. Somoe alimtazama bibi kwa sekunde moja, kisha akasema, "Shuka wewe." Shangazi mmoja akanishika bega, akanisogeza taratibu, akisema dada yako sasa ni mwali, mwanangu, si wa kucheza barabarani na wavulana.

Kesho yake nililiburuza gari hadi juu. Rafiki yangu mmoja akakubali kunisukuma. Chande alinikuta nimekaa kwenye kiti cha dereva, akatazama nyuma yangu, halafu nyumbani kwetu.

"Haji?"

"Haji."

"Leo tu, au?"

Nikaweka miguu juu ya mti wa mbele. Chande akalivuta gari lake kwa kamba, akalipanga kando ya letu. Tulishuka. Nilikumbuka kila kona, nililala pa kulala, sikukanyaga kwa hasira, na gari lile lilikuwa na mbio kuliko magari yote yaliyowahi kushuka Mtanda. Nilimpita Chande kwenye tangi na nikafika chini wa kwanza. Watoto walinibeba. Nilitazama juu mlimani kutafuta mtu wa kumwonyesha, na nikaanza kulia pale pale mabegani kwao, mpaka wakanishusha. Chande akalivuta gari lake kando. Mwaka ule hakushuka tena.

Gari la bluu likawa la kubebea maji. Mama aligundua kwamba linachukua madumu mengi kuliko kichwa cha mtu, na aliyekuwa anakwenda kuteka maji ni Somoe. Nilizoea kumwona anapanda nalo jioni, kanga mbili, mgongo umenyooka, analivuta kwa kamba hatua kwa hatua huku beringi zikilalamika. Tuliishi nyumba moja, tulikula sahani moja, na nilikuwa nimemkosa kuliko watu niliowazika baadaye. Alipomaliza darasa la saba, shangazi alimchukua Kilwa Masoko akamsaidie kulea. Huko ndiko alikoolewa, na huko ndiko anakoishi hadi leo.

Tunaonana. Si sana, lakini tunaonana. Ni mama wa watu, ana sauti ya kuamrisha na cheko la kuvuta majirani, na mume wake ni mtu mwema. Habari za magari hatukuwahi kuzigusa, miaka yote hiyo. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia, nikamkuta uani anachambua mchele. Watoto walikuwa hawajarudi kutoka shule. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo.

"Dada, ile masika tuliyokaa jikoni tunapanga. Ulikuwa unajua?"

"Najua nini?"

"Kwamba hutashuka."

Aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa.

"Nilijua," alisema. "Bibi aliniambia mapema, mvua zilikuwa hata hazijaanza. Aliniambia mwaka huu ndio mwisho, ukija mwingine unakuja kwangu Ng'apa."

"Sasa kwa nini ulikaa miezi yote ile unapanga na mimi?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Walinikataza kushuka, mdogo wangu. Kupanga hakuna aliyenikataza."

Akainuka kwenda kutazama maji ya wali kama yamechemka, akaniacha na ungo. Niliuvuta ule ungo, nikaendelea kutoa chuya pale alipoishia.

Utoto wangu wote niliamini kwamba mimi na dada yangu tuliujenga msimu, na watu wazima wakaja wakatunyang'anya. Nilimhurumia yeye kidogo, na nilijihurumia mimi sana. Sasa najua kwamba kila nilipodhani tunaujenga, mwenzangu alikuwa anauaga, kona moja baada ya nyingine, polepole ili usiishe upesi, huku mimi nikiwa nimekaa mbele yake, nimeshiba, natafuna muhogo na kumwuliza kama beringi za mbele tuzipake grisi nyingi au kidogo.