Baba Mkwe Kwenye Benchi la Mbele

Jina la Kasuku alipewa na wateja, naye hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni kwenye ukumbi wa video, maiki mkononi, akiwatafsiria watu sinema za kigeni papo hapo. Jambazi, bibi harusi, hata mbwa, wote walisema kwa mdomo wake. Na asipoelewa, je? Anatia yake. Ndiyo maana ukumbi ulikuwa haukosi watu.

Basi mtu huyu akapenda, tena ng'ambo ya mpaka. Mchumba wake alikuwa mshonaji upande wa pili, na walishapatana kila kitu, kasoro baba mtu. Mzee, fundi viatu aliyeacha kazi kwa sababu ya macho kufifia, alishairudisha posa. Alisema hamwozi binti yake wa pekee mtu anayekula kwa kusema uongo, tena mtu wa nchi nyingine. Binti akamjibu kwa adabu kwamba aende kwanza akamwone huyo mtu kazini. Akirudi na neno lilelile, yeye atanyamaza. Kasuku alipopelekewa habari hiyo, roho ilimkaa juu juu wiki nzima.

Jumamosi mchana mzee akavuka mpaka, akaketi benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Loo, siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Sinema aliyoichagua mwenye ukumbi ilikuwa ya kijana na binti wa nchi mbili, na baba mkali anayewafungia mlango! Watu walianza kumzomea huyo baba hata kabla hajafungua kinywa. Walimngoja Kasuku ampe vidonge vyake, kama kawaida.

Kasuku akainua maiki. Angeweza kumgeuza yule baba awe mpole, akaozesha kwa kicheko, mzee akavikwa kilemba cha ukoka mbele ya watu. Lakini alimtazama mzee alivyoikamata ile fimbo, na kwa mara ya kwanza akajiuliza mtu huyu anaogopa nini. Baba wa kwenye sinema akafoka kwa lugha yake. Kasuku akasema taratibu:

"Mwanangu, kijana huyo simchukii. Nauchukia huo mpaka. Siku nikiugua, na lango limefungwa, nani atakuja kunishika mkono?"

Hakuna aliyecheka. Kule nyuma mama mmoja akavuta kamasi. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Sinema ilipokwisha mzee alingoja watu wote watoke ukumbini, ndipo akauliza kama maneno yale yalikuwemo. Neno moja tu la uongo, nalo lingepita.

"Hayamo, mzee wangu. Nimeyatia mimi."

"Najua. Yule alikuwa anatukana tu, uso ulimsema." Mzee akainuka kwa shida. "Lete wazee wako tuzungumze. Ila nyumba mtakayokaa iwe na chumba changu."

Machozi yalimtoka Kasuku, wala hakuyaficha. Mzee alimkabidhi fimbo, akamshika bega badala yake, wakatoka pamoja kuelekea mpakani. Lango lilikuwa bado wazi.