Matairi ya Spoti kwa Rimu Kumi na Tatu

Mke wangu alishuka kwenye gari katikati ya mteremko, mvua inanyesha, akafungua mwavuli na kuondoka zake bila kufunga mlango. Hakupiga kelele. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na walimu wanaoijua kazi, wakikasirika kweli, hupunguza sauti. Dakika moja kabla ya hapo nilikuwa nimekanyaga breki, na kigari chetu badala ya kusimama kikateleza ubavu ubavu kama ng'ombe anayekataa kuingia machinjioni. Kilikuja kutulia pua yake ikiwa imebakiza kiganja kimoja kuufikia ukuta wa nyumba ya watu.

Jioni alisubiri nimalize kula ndipo akatoa hukumu.

"Baba watoto, mie kwenye gari hilo sipandi tena mpaka lijue kusimama. Nina watoto watatu humu ndani na themanini kule darasani. Siwezi kufia ukutani."

Inabidi nieleze kwa nini maneno hayo yaliniuma kuliko ukuta wenyewe ungeniuma. Mie ni fundi mapazia, na kazi yangu naifanyia sebuleni kwangu, Chamazi. Ni mtu wa ndani. Harusi za mtaa naonekanaga kwenye orodha ya michango tu, ukumbini hapana. Kwa siku natoka mara moja: kumpeleka mwalimu shuleni kwake, upande wa Temeke, halafu narudi kunywa chai. Njiani ndipo tunapokuwa wawili, bila watoto na bila mteja anayeulizia pazia lake la wiki iliyopita. Hapo ndipo ananisimulia mambo ya ofisi ya walimu, nani kanuniana na nani kwa sababu ya zamu, na mie nacheka hadi nakosa gia. Kuanzia kesho yake akawa anapanda bodaboda mpaka stendi, halafu basi, madaftari ya wanafunzi yamefungwa kwenye nailoni yasilowe. Mie nikabaki dirishani na futikamba yangu shingoni, namwangalia akiondoka. Niliapa kwamba kile kiti cha kushoto kitakaliwa tena kabla masika hayajaisha.

Kosa lilikuwa la matairi, hilo halikuhitaji mganga. Yote manne yalikuwa vipara. Kipara cha tairi huja kama cha kichwani: kila siku unakiona na kila siku unasema bado.

Basi nikaanza kusoma. Yaani, nilikuwa naegemeza simu kwenye cherehani na kutazama wazungu wakijaribu matairi kwenye barabara zilizomwagiwa maji. Kwa siku nne nikawa mtaalamu ambaye hajawahi kushika spana. Nikajua kuna matairi ya kawaida, ya kuviringika tu, na kuna matairi ya spoti, ambayo mpira wake ni laini na mifereji yake imechorwa kwa akili ili kuyafukuza maji tairi lishike lami. Nikaamua nataka hayo. Mshale wa spidi wa gari langu haujawahi kugusa themanini, lakini mie sikuwa nataka kukimbia. Nilikuwa nataka kusimama.

Jirani yangu wa ukuta mmoja aliposikia, alifurahi sana. Huyu ni mtani wangu wa kabila. Babu zake na babu zangu walipigana, wakapatana, sisi tukarithi ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Alikuja akasimama mbele ya gari, akapima gurudumu kwa mikono yake miwili kama anayepima sufuria.

"Mtani, hii ni rimu kumi na tatu. Hii ni sinia ya pilau ya watu wawili. Unataka kuivalisha matairi ya mashindano? Si bora ukamnunulie mkeo raba atembee?"

Nikamwambia watu wa kwao hawajui gari, wanajua kuchonga la mti. Akasema afadhali la mti, halitelezi.

Nikaenda Temeke kwenye maduka ya matairi. Muuzaji wa kwanza alikuwa mtu mwenye bashasha, anaita kila mtu bosi. Nilipomwambia nataka spoti za rimu kumi na tatu, alinitazama kwa huruma. Akasema spoti zinaanzia kumi na tano kwenda juu, kumi na tatu ni za kubebea maziwa. Akanitolea rimu kubwa za kung'aa na matairi membamba kama mkanda, akanionyesha kwenye simu picha za vigari kama changu vilivyobadilishwa, vimeinuka, vimependeza. Nisiseme uongo, nilitamani. Nilijiona nimepaki mbele ya kanisa mkono mmoja dirishani. Lakini nikakumbuka mashimo ya barabara yetu, na kwamba tairi lenye ukuta mwembamba likiingia shimoni, rimu ndiyo inayosalimiana na zege. Nikamwambia gari halitabadilisha miguu, linabadilisha viatu tu.

"Basi chukua hizi, bosi," akasema, akaburuta manne meusi tii, yanang'aa kama viatu vya bwana harusi.

Hapo ndipo ufundi pazia uliponisaidia. Mie sinunui kitambaa kwa macho. Nikapitisha kidole, kikatoka na mafuta meusi: yalikuwa yamepakwa dawa. Nikakandamiza ukucha kwenye mpira, ukagoma kuingia, mgumu kama soli ya kobazi. Kisha nikatafuta zile namba nne za ubavuni, ambazo wale wazungu wa kwenye simu walisema mbili ni wiki na mbili ni mwaka wa kutengenezwa. Hayo matairi yalikuwa yametoka kiwandani wakati mwanangu wa kwanza anajifunza kukaa. Sasa hivi ananiazima wembe. Nikamwonyesha muuzaji. Akaniuliza kama nimekuja kununua au kukagua. Nikamshukuru nikatoka.

Duka la pili, hapana. La tatu, walikuwa nayo mawili tu, wakashauri niweke mawili ya spoti mbele na vipara viendelee kuugulia nyuma. La nne, hapana. Jua lilikuwa limeniwakia kichwani na mie mtu wa kivulini, lakini kila nikifikiria kurudi nilikuwa naziona zile nailoni za madaftari. La saba lilikuwa uchochoroni, la mama mmoja mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha plastiki anachambua mchicha. Nikamwamkia, nikaeleza haja yangu, nikajiandaa kuchekwa. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Unapita mteremko?" Nikasema ndiyo. Akainuka, akaniletea matairi manne yenye vumbi halali, mifereji imechongwa kama mgongo wa samaki, size yangu kabisa. Ukucha ukaingia. Namba nne zikasema ni ya juzi juzi. Alisema aliyaagiza kwa ajili ya mteja aliyeuza gari kabla hayajafika, na tangu hapo kila mtu anayetaka spoti anataka pia rimu ya kujionyesha.

Yakafungwa siku hiyo hiyo. Karibu na nyumbani nikapita kwa mzee wa upepo, yule anayejaza matairi ya mtaa mzima kwa pampu yake chini ya mwavuli. Akayajaza mpaka yakalia kama ngoma ukiyapiga teke. Nikamwambia asante, nikaenda nyumbani nimevimba kifua kuliko matairi.

Mvua ilipokuja sikumwita mke wangu. Nina akili kidogo. Nilitoka peke yangu, nikashuka mteremko taratibu, nikakanyaga breki. Gari likadunda kama mpira wa chandimu, likateleza. Si kama mwanzo, lakini liliteleza. Niliporudi, mtani alikuwa kibarazani kwake, ambako mteremko wote unaonekana, ameona kila kitu. Alisema yeye hana neno, ila kwao ng'ombe akivalishwa raba haitwi mwanariadha. Mke wangu alikuwa dirishani. Alishusha pazia, tena pazia nililoshona mwenyewe.

Kesho yake asubuhi, mwenzangu akiwa ameshaondoka na bodaboda, nilikaa kwenye gari limesimama, mlango wazi, nimenuna. Ndipo macho yakaangukia kwenye stika ya nguzo ya mlango. Imekuwepo siku zote, imejaa Kijapani. Mjini hapa wengi wetu tunaendesha magari yanayoongea Kijapani na tumezoea kutoyasikiliza. Kuna mwanamke ndani ya redio yangu, kila nikiwasha gari huniambia kitu kwa heshima sana, na mie miaka yote humwitikia marahaba. Lakini safari hii, katikati ya yale maandishi, niliona namba ninazozifahamu. Size ya matairi yangu, ile ile niliyoiimba maduka saba. Na pembeni yake, 220, na kipimo chake kimeandikwa kwa herufi zetu: kPa.

Fizikia nilipata alama ambayo mama yangu mzazi aliomba tusiitaje mbele ya wageni. Lakini kilopaskali naikumbuka, kwa sababu nilichapwa kwa ajili yake. Ni kipimo cha mgandamizo. Wajapani walikuwa wameniandikia upepo wa tairi langu mlangoni, na mie nilikuwa namwachia mzee wa upepo akisie.

Sikutaka kukurupuka. Pazia likivuta upande mmoja, fundi hachani, anachora kwanza ajue linagusa wapi. Nikachukua chaki yangu ya kushonea, nikapiga mstari mnene kwenye kila tairi, kutoka ukingo mpaka ukingo. Nikasogeza gari mbele hatua chache, nikarudisha nyuma, nikashuka kuangalia. Katikati chaki imefutika. Pembeni, huku na huku, ipo kama nilivyoiacha. Matairi yangu ya spoti, yenye mifereji ya akili, yalikuwa yamevimba kwa upepo, yanagusa ardhi kwa upana wa vidole vitatu tu. Nilikuwa nimemvalisha mtu viatu vizuri halafu nikamwambia atembee kwa visigino.

Nikaenda kwa mzee wa upepo. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, kwa sababu nilichokuwa nakwenda kumwambia hakikuwa na adabu. Nikamwomba apunguze. Akauliza mpaka ngapi. Alikuwa ameweka arobaini na tano, kama anavyowekaga kwenye vipanya vinavyobeba watu hadi mlangoni. Kwenye geji yake kuna duara mbili za namba, ya nje anayoisoma na ya ndani ambayo vumbi lilikuwa limeizika. Nikaifuta kwa shati, ikawa ni ya baa, na baa moja ni kilopaskali mia. Mbili nukta mbili ya ndani ilikaa sawa na thelathini na mbili ya nje.

"Thelathini na mbili, mzee wangu."

"Mwanangu, hiyo laini. Itakula pembeni, itapiga pancha, utanirudia hapa unalia."

"Nitarudi nalia, mzee. Ila leo nipunguzie."

"Mie najaza matairi tangu wewe hujaota ndevu."

"Ni kweli. Lakini mwalimu hapandi gari langu."

Sijui kipi kilimgusa. Aliinama, akaanza kutoa upepo, tairi moja moja, kila mara anasoma duara ya ndani na kutikisa kichwa kama anayeonja chakula cha ugenini.

Mke wangu aliporudi jioni nilimwonyesha stika, nikamweleza habari ya chaki. Sikumbembeleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua mkoba wake, akatoa chaki ya darasani, akasema yangu ya kushonea inateleza mno, si ushahidi. Akachora mwenyewe. Akaniamuru niende mbele, nirudi nyuma. Akainama na tochi ya simu, gurudumu hadi gurudumu. Chaki ilikuwa imefutika upana wote. Akasema, "Haya," akaingia ndani. Usiku ule sikujua haya hiyo ilikuwa ya namna gani.

Siku ya pili mvua iliamka kabla yetu. Bodaboda alikuja kama kawaida, akapiga honi. Mke wangu alitoka, akaongea naye, bodaboda akaondoka. Kisha akafungua mlango wa kushoto, akakaa, akafunga mkanda. Nilikuwa naogopa hata kukohoa.

Hatukufika mbali. Barabara ikiwa tupu, akageuka kuangalia nyuma, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Simama." Nikakanyaga. Gari likasimama. "Twende." Mbele kidogo, kwenye lami iliyofunikwa na mchanga wa mvua, akageuka tena. "Simama." Likasimama. Alinifanyia hivyo mara sita mpaka karibu na shule, kila mara mahali ambapo sikutarajia, kama jaribio la kushtukiza la asubuhi ya Jumatatu. Mara moja tu gari lilijivuta kidogo, akaguna, nikatokwa jasho kwenye mvua.

Getini nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza tumepata ngapi. Akafikiri. Akasema matairi yamepata tisini, dereva arobaini na tano, na mwenye arobaini na tano asitegemee zawadi. Akashuka, akaukimbilia ukumbi wa madarasa na madaftari yake makavu.

Nilirudi Chamazi kwa mwendo wangu ule ule wa maharusi, nikakuta mtani ananisubiri, ananipa pole ya mapema. Nilimpita nikakaa kwenye cherehani. Saa saba mchana simu ikaita. Ilikuwa ni mke wangu, na nyuma yake wanafunzi themanini wanapiga kelele.

"Saa tisa na nusu uje unichukue," alisema. "Kuna mambo ya ofisini leo, nikikusimulia hutaamini."