Msusi Aliyechungulia Timu ya Nesi

Kazi ya msusi ni kukaa nyuma ya watu. Mteja anaketi kwenye stuli fupi, msusi anakaa kwenye kiti nyuma yake, na kwa saa tatu au nne anachokiona ni kisogo, mabega, na simu iliyo mkononi mwa mwenye kichwa. Msusi wetu huyu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Alikuwa amesoma, hata bila kutaka, meseji za wachumba walioachana, majibu ya vipimo vya hospitali na matusi ya mawifi. Hakuwahi kutoa hata neno moja. Wenzake wa saluni walipopeana umbeya yeye alisuka tu, kimya. Wateja walilijua hilo, na walimfuata kwa sababu hiyo kuliko kwa ususi wake, ambao, tuseme ukweli, ulikuwa wa kawaida.

Sasa sikilizeni jinsi mtu wa namna hiyo alivyojivunjia heshima kwa ajili ya chura.

Ulikuwa mchezo wa kwenye simu. Unakusanya mazimwi, unawalea, unawafundisha mapigo, kisha unapanga watatu na kuwapeleka vitani dhidi ya watatu wa mwenzako. Wa maji anamzima wa moto, wa moto anamchoma wa majani, na wa sumu anamdhoofisha karibu kila mtu. Mtaani uliletwa na nesi wa zahanati, mteja wa msusi kwa miaka kumi na moja, aliyekuwa akiucheza wakati wa mapumziko. Nesi akamwambukiza shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwenye duka la fotokopi. Shemeji akaambukiza mtaa mzima. Ikawa kila Jumapili alasiri watu wazima na akili zao wanabanana dukani kwake, kati ya mashine na marundo ya karatasi, wakipiganisha mazimwi.

Nesi alikuwa hafungiki. Msusi alishapigwa naye mara saba, mara moja kabla hajamaliza kuvaa miwani. Na kila mara nesi alimgusa begani na kumwambia, "Umejitahidi, dada," kwa sauti ileile ya kumwambia mgonjwa kwamba sindano imekwisha. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla msusi. Alikuwa na miaka arobaini na sita, watoto walishatoka nyumbani, na hakukumbuka mara ya mwisho kushinda kitu chochote mbele za watu.

Ijumaa moja nesi akaja kusuka.

"Dada, leo mistari mikubwa tu. Nimetoka zamu, nimechoka, nataka nikalale."

Akaketi, akafungua simu, na msusi akaona. Palikuwa na zimwi ambaye mtaa ulikuwa haujawahi kumwona, chura wa kijani mwenye madoadoa, aliyelelewa kwa siri mpaka akakomaa. Nesi alikuwa akimpanga wa kwanza.

Siku nyingine yoyote msusi angegeuza macho. Safari hii aliyaacha palepale.

"Mikubwa haikupendezi," alisema. "Ngoja nikusuke ndogondogo. Zitakaa hata miezi miwili."

"Si nitakaa hapa mpaka jioni?"

"Kwani haraka ya nini? Wewe pumzika, mimi nasuka."

Nesi akakubali, maana alimwamini. Akakaa saa tano kwenye stuli isiyo na egemeo, shingo ikimuuma, ili msusi wake apate kusoma. Chura anatema sumu, kisha anazama kwenye tope kujitibu. Popo anafuata kuwamalizia walioishiwa nguvu. Faru wa radi anakuja mwisho. Msusi alikariri yote. Nesi aliposinzia na simu ikazimika, alimwuliza, "Hivi mchezo umeuacha siku hizi?" ili aiwashe tena. Mimi mwenyewe naona haya kulisimulia hilo, sembuse yeye aliyelifanya.

Jioni alimwambia mumewe, fundi friji, ambaye naye alicheza kidogo na kufungwa sana, kwamba anataka kumlea Kaa wa Chuma.

"Kaa?" Mumewe akaweka bisibisi chini. "Mama watoto, Kaa hana mbio, hana nguvu, hana hata sura. Sifa yake ni moja tu, sumu haimpati. Na nesi hana zimwi wa sumu."

"Nimehisi tu."

"Umehisi!" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, tulee Kaa."

Jumamosi nzima walipokezana simu. Mmoja alipokuwa jikoni, mwingine alimpiganisha Kaa na mazimwi wanyonge ili apande daraja. Walimfundisha kuvumilia, wakamfundisha Korongo kudaka popo angani, na wa mwisho wakamweka Fuko, kwa kuwa anaishi ardhini na radi haimdhuru. Kila pigo lilimlenga zimwi fulani wa nesi. Mumewe, maskini, hakuligundua hilo. Alimtazama mkewe kwa fahari na kusema, "Kumbe siku zote hizi nimeoa jenerali." Msusi akatabasamu. Roho ilikuwa ikimsuta, akaiambia ingoje Jumapili ipite.

Jumapili vita havikufika hata dakika nne. Chura alitema sumu yote aliyojaliwa, Kaa akasimama tu, kisha akambana kwenye tope kabla hajajitibu. Korongo alimdaka Popo. Faru alipiga radi mara tatu na Fuko hata hakutikisika. Duka zima likalipuka kwa kelele. Fundi friji alimnyanyua mkewe juu, yeye na mgongo wake mbovu.

Nesi hakupiga kelele. Alikuwa bado akimkodolea macho yule Kaa.

"Hakuna mtu mwenye akili zake anayempanga Kaa mbele," alisema polepole, "isipokuwa anajua kuna sumu inakuja."

Akainua uso. Msusi akangoja kutajwa. Lakini macho ya nesi yalimpita, yakaenda kutua kwa mwenye duka.

"Chura wangu nimemfanyia mazoezi na mtu mmoja tu. Shemeji, umemwambia?"

"Mimi? Haki ya Mungu, sijamwambia mtu!"

"Basi Kaa ameota ndoto?"

"Shemeji, niapie nini ili uniamini?"

"Usiape. Nilikuomba kitu kimoja tu, unitunzie siri."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Mwenye duka alibaki na karatasi mkononi, uso umemshuka, na watu wakaanza kumtazama kwa pembeni. Msusi alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza. Alijiambia atasema kesho, na kesho ilipofika akajiambia Jumatano.

Zikapita wiki tatu. Shemeji hakukanyaga tena kwa nesi, na mdogo mtu akawa katikati, analia na mume, analia na dada. Michezo ya Jumapili ikafa. Msusi alisimuliwa hayo na mteja mwingine hukohuko saluni, akashindwa kula siku hiyo. Kioo cha ukutani alikuwa akikikwepa. Kilichomchoma kuliko vyote ni kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyemshuku. Ile sifa yake ya miaka kumi na tisa, sifa ya kufunga mdomo, ndiyo iliyomficha, na aliona aibu kujificha nyuma yake huku mtu asiye na kosa akinyooshewa vidole. Na mumewe bado alimwita Jenerali mbele ya wateja wa mafriji.

Kisha nesi akaja kufumua.

"Zinanibana, dada. Kichwa kinaniuma tangu siku ile."

Msusi akafumua upande wa kushoto wote. Alipoanza wa kulia, nesi akashusha pumzi.

"Unajua, siku hizi hata kazini nakaa mgongo ukutani. Mtu wa nyumbani kwako akikuuza, utamwamini nani tena? Ni hapa kwako tu ninapoweza kumpa mtu mgongo nikatulia."

Mkono wa msusi ukasimama.

"Si yeye," akasema.

"Si nani?"

"Shemeji yako. Hajaniambia kitu. Chura nilimwona mwenyewe, hapa, siku ile uliyotaka mistari mikubwa."

Nesi hakugeuka. Alinyanyua mkono, akapapasa upande uliofumuliwa, kisha ule wenye misuko bado.

"Saa tano," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya mchezo."

"Ndiyo, dada. Nimeona aibu mpaka sijui niseme nini. Nisamehe."

"Na meseji za mume wangu, mwaka ule? Na majibu ya vipimo vya mama?"

"Niliyaona. Sijamwambia mtu, hata mume wangu hajui."

"Nitajuaje?"

Msusi alikuwa amesema kweli tupu, na haikumfaa kitu.

Nesi akasimama ili aondoke, akajiona kwenye kioo. Nusu ya kichwa ilikuwa na misuko, nusu ilikuwa nywele zilizosimama ovyo, na zamu yake ilikuwa mchana huohuo. Akaketi tena.

"Malizia. Siwezi kwenda kwa wagonjwa hivi."

Msusi akaendelea. Machozi yakamtoka, akayaacha yateremke. Nesi alitoa simu kwenye mkoba, akabonyeza, ikaita muda mrefu.

"Shemeji, usikate," alisema. "Kuna mtu hapa ana neno na wewe."

Kisha, bila kugeuza kichwa, akaipitisha simu juu ya bega lake.

"Mwambie mwenyewe. Na useme kwa sauti, wote humu wasikie."

Wasusi wengine walikuwa wameshaacha kusuka. Msusi akajipangusa mafuta kwenye aproni, kiganja kimoja baada ya kingine, akaipokea.