Gari Lililoendelezwa

Kuna neno moja ambalo mpaka leo mtu akilitamka mbele yangu namkata jicho. Neno lenyewe ni kuendeleza. Watu wanaendeleza viwanja, wanaendeleza mazungumzo, wanaendeleza vijana wao, na mimi nawasikiliza meno nimeyauma, kwa sababu kaka yangu, tuliyetoka naye tumbo moja, aliniendelezea gari langu mpaka likakosa mnunuzi.

Gari lilikuwa la baba. Baba alikuwa dereva wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa chini ya Mlima Meru. Mgiriki huyo alikuwa na malori na matrekta ya kazi, na gari moja la starehe: la Kitaliano, la mbio, fupi kuliko mbuzi aliyesimama, viti viwili tu, boneti ndefu, usukani wa mbao upande wa kushoto, na rangi ya majivu yaliyolala jikoni. Mashamba yalipotaifishwa, Mgiriki alifunga masanduku yake akaondoka, na gari akaliandikisha kwa jina la baba. Majirani walicheka sana. Wakati ule hata sukari ilikuwa ya kupangia foleni, sasa nani angelilisha dude la namna ile? Baba alilisukuma hadi kwenye banda letu la kahawa, akaliinua juu ya magogo ili matairi yasioze, akalifunika kwa magunia. Kila baada ya muda aliingia humo na chupa ya oili, akaizungusha injini kwa mkono ili isigande. Mimi nilimshikia tochi. Kaka hakuingia hata siku moja, alisema baba anauguza maiti.

Baba alipougua na kujua kwamba hatapona, alituita mama, kaka na mimi. Akasema shamba na migomba ni vya kaka, na nyumba ni ya mama mpaka siku zake ziishe, kisha nayo ni ya kaka. Hilo sikubisha. Kwetu Wameru binti hesabu yake iko kwa mume, na kila mtu anakua akilijua hivyo. Halafu baba akaninyooshea kidole, akasema, "Gari ni la huyu." Kaka alicheka pale pale kitandani pa mgonjwa.

"Achukue," alisema. "Atalifugia kuku."

Mimi wakati huo sikuwa na mume tena. Nilikuwa nimerudi kutoka Moshi na sanduku moja na kovu juu ya nyusi, na kaka alikuwa ameshaniambia wazi kwamba mwanamke aliyerudi hana mahali pa kuchimba msingi kwenye shamba la ukoo. Nilipanga chumba Sombetini, mjini Arusha, kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa bado anaijenga huku wapangaji tumo ndani, tukilala na vumbi la saruji. Usiku nilikuwa nikiwaza kitu kimoja tu: kiwanja. Kidogo, popote, lakini changu, ambapo hakuna mwanamume wa kunitupia sanduku nje. Gari lile ndilo lililokuwa kiwanja changu, ila lilikuwa bado lina matairi.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Mitumba ikamwagika, sabuni ikarudi madukani, na wazungu wakaanza kushuka kwa wingi kuangalia wanyama. Mji mzima wa Arusha ukageuka gereji. Kila kona ulisikia misumeno ya chuma: Landrova inakatwa paa ili watalii wasimame na kupiga picha, inarefushwa kiuno, inapandishwa springi, inavalishwa vyuma vya mbele na keria ya juu. Gari lililokatwa paa liliuzwa ghali kuliko lisilokatwa. Hiyo ndiyo elimu ya magari tuliyokuwa nayo Arusha, na kwa Landrova ilikuwa elimu ya kweli.

Nilipata kazi ya kupokea wageni kwenye ofisi ndogo ya utalii. Siku moja akaingia Mhindi kutoka Nairobi, mtu mzima, mpole, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta magari ya zamani ya Kizungu na kuyauza kwa watu wanaoyaweka majumbani kama vyombo vya kabatini. Nikamweleza la kwangu. Aliniuliza maswali mengi, na kila nikijibu alisogeza kiti karibu zaidi. Mwisho akasema, "Dada, mimi nitakuja baada ya mvua. Tafadhali, mtu asiiguse. Hata kuosha, wacha."

Nilipanda nyumbani nikamweleza mama kwa furaha, na kaka alikuwepo anakunywa chai. Sikumficha, kwani ningemfichia nini mtu aliyesema nikalifugie kuku? Nikamwambia mpaka lile neno la mwisho, kwamba hata kuoshwa lisioshwe. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia upuuzi wa mtoto.

"Mhindi huyo mjanja," alisema. "Anataka alikute bovu ili akupunje."

Mvua zile zilikuwa kubwa, njia ikawa matope, sikupanda mlimani kwa muda. Nilipopanda nilisikia ngoma kabla sijafika. Uwanjani kulikuwa na mbuzi juu ya moto, wazee wa ukoo wamekaa na mbege, pombe ya ndizi, na katikati yao limesimama gari jekundu kama kucha za mwanamke wa baa.

Sikulitambua mara moja. Lilikuwa refu. Kaka alikuwa amelipeleka kwa wakata paa wa mjini, wakalipandisha kwa springi za pikapu, likawa limesimama kwa miguu isiyokuwa yake. Usukani wa mbao haukuwepo, kulikuwa na mwingine wa plastiki upande wa kulia. Mbele lilikuwa na vyuma vya kuzuia wanyama. Na paa, paa lile lililoinama kama mgongo wa paka, lilikatwa katikati na kuwekewa kimlango cha kufungua juu. Gari la viti viwili! Mtalii angesimama wapi, juu ya gia?

"Nimekuendelezea," kaka alisema mbele ya wote, na wazee wakapiga makofi.

Niliwasalimia wazee shikamoo, kwa sababu nimelelewa, kisha nikamgeukia kaka nikamtolea maneno ambayo mama alinisihi niyameze. Wala hakukasirika. Alikuwa amejiandaa. Alimwomba mshili wetu, yaani kiongozi wa ukoo, kwamba kwa kuwa wazee wamekaa, suala la gari liamuliwe hapo hapo. Akaeleza kwamba lilikaa bandani miaka yote, mimi nikiwa kwa mume na baadaye mjini, na sikuliwekea hata tone la rangi. Yeye ameuza ng'ombe wake akalifufua. Maneno ya baba hakuyataja. Mimi niliyataja, nikamtazama mama, na mama akatazama chini, maana alikuwa anakula kwenye mkono wa kaka.

Mshili alifikiri kwa haki yake yote, hilo nampa. Akasema, "Binti yetu, tazama viwanja vya mjini. Ukikiacha pori, serikali inakichukua, inampa anayeweza kukiendeleza. Kaka yako ameendeleza, gari ni lake. Hivyo vyuma alivyovitoa, chukua wewe, ni vyako."

Watu walicheka. Vyuma vyenyewe kaka alikuwa ameviviringisha nyuma ya jiko: injini ya gari na gia yake, kwa sababu humo ndani alikuwa ametia injini ya pikapu ya Kijapani. Nilirudi Sombetini siku ile, vyuma nikaviacha pale pale.

Mhindi alikuja kama alivyoahidi. Sikuwa na uso wa kumzuia, nikapanda naye. Kaka alitupokea na shati lililopigwa pasi, akaanza kunadi kabla mgeni hajashuka.

"Rangi mpya, bosi. Imepigwa mara tatu."

"Ya kwanza ilikuwa kijivu?"

"Ilichakaa. Gari za namna hii zinakuwa nyekundu."

"Na usukani? Hii ilikuwa kushoto."

"Nimeuhamisha. Sisi tunaendeshea kulia." Akaruka pembeni, akafungua kile kimlango cha juu, uso umemeremeta. "Na hapa, bosi, anasimama mtalii, anampiga picha simba."

Mhindi alitia kidole kwenye ukingo wa bati lililokatwa, akaupapasa taratibu kama mtu anayeshika kidonda cha mwingine. Nilimwona akilitoa gari kichwani mwake, kipande kwa kipande, na kila kaka alipoongeza sifa yeye alipunguza bei. Mwisho akafuta kidole kwenye kitambaa.

"Mimi nilitaka gari yenye haijaguswa," alisema. "Hata vumbi yake ningelipia. Sasa kila kitu umeongeza hapa, mimi nitalipa fundi atoe."

"Lakini nimetumia pesa nyingi sana!"

"Najua, ndugu yangu. Hiyo ndio shida."

Sijawahi kufurahi na kuumia kwa wakati mmoja kama siku ile. Kisha Mhindi akainua boneti, akauliza injini yenyewe iko wapi, na mimi nikaenda nyuma ya jiko. Haikuwepo. Mama, ambaye hakusema neno kwenye kikao, alikuwa ameiviringisha mpaka migombani kwa msaada wa majirani, akaiinua juu ya magogo na kuifunika kwa magunia yale yale ya baba. Ilikuwa imepakwa oili. Nilimtazama, naye akajifanya anapepeta maharage.

Mhindi alipiga magoti kwenye majani makavu na tochi yake, akasoma nambari iliyogongwa kwenye injini, akarudi kusoma ya kwenye bodi. Zilikuwa za jozi moja. Akatueleza polepole, kwa wote wawili, kwamba rangi inarudishwa, usukani unarudishwa, hata paa kuna mafundi Ulaya wanaoweza kulishona kwa gharama. Lakini bodi bila injini yake si kitu, na injini bila bodi yake ni spea tu. Vikiuzwa pamoja atatoa bei ambayo hata baada ya uharibifu ule ingetosha viwanja vya maana. Akampa kila mmoja wetu muda wa kufikiri.

Jumapili iliyofuata kaka alikuja Sombetini. Alikuwa hajui hata nilikopanga, ilibidi aulize. Alikaa kwenye kitanda changu, akakisifia chumba, akaniita mdogo wangu mpenzi.

"Tuviunganishe," alisema. "Tugawane sawa kwa sawa, damu ni damu."

Nikamwambia nakubali, na sitaki hata nusu, nitachukua pungufu yake. Nataka kitu kimoja: arudi mbele ya wazee wale wale, aseme kwamba baba alinipa gari mimi. Sentensi moja tu.

Uso wake ulibadilika kama mtu aliyeng'ata pilipili. "Nikisema baba alikupa gari, kesho utasema alikupa na migomba."

"Sitaki migomba yako."

"Leo hutaki."

Niliona waziwazi kwamba yuko tayari kukosa pesa zote zile kuliko kukubali mbele za watu kwamba baba yetu alimhesabu binti. Na yeye nadhani aliona kwamba siyumbi. Aliondoka chai haijapoa.

Nikaiuza injini peke yake. Mhindi alinisihi nisubiri, kwa kweli aliumia kuliko mimi, lakini alikuwa na mteja ambaye gari lake la aina ile lilikufa injini, akainunua kwa bei ya spea. Wabeba mizigo waliipandisha kwenye pikapu, mama akasimama mlangoni mpaka vumbi likatua. Pesa ile ilinipa kipande cha kiwanja Kisongo, penye upepo na mavumbi, mahali ambapo wakati ule watu walichungia ng'ombe tu. Wapo wanaosema nililiua gari la baba. Na waseme. Lilikufa siku ya msumeno, mimi niliuza moyo wake tu.

Nilijenga chumba, kisha cha pili, nikapanda miti ya kuzuia upepo. Gari jekundu lilirudi banda la kahawa, na kuku wakapenda kutagia ndani kwa kupitia kile kimlango cha watalii. Mji nao ukasogea, na ardhi ya Kisongo ikaanza kuulizwa bei. Hapo ndipo nikaitwa nyumbani kwenye kikao.

Wazee walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza. Kaka alisimama akaeleza kwamba kiwanja cha Kisongo kimetokana na mali ya marehemu baba, kwa hiyo ni cha familia, na yeye kama mkubwa anaomba kigawanywe. Mshili, ambaye sasa alikuwa anasikia kwa sikio moja, alimsogezea sikio hilo.

"Si tulimpa vyuma sisi wenyewe?" aliuliza. "Vyuma tulivyompa sisi vinakuwaje mali ya baba?"

Kaka aliona mlango unafungika, akajirusha ndani bila kuangalia. "Mzee, vile vyuma havikuwa vyenu kutoa! Baba alimpa gari lote huyu, tangu yuko hai, mbele yangu na mama. Alimpa alitunze kwa niaba yetu sote."

"Kwa hiyo ni kweli alimpa?"

"Alimpa."

Mama, aliyekuwa pembeni akipepeta maharage, aliacha. Kaka mwenyewe alisikia alichokisema, nikaona kikimshuka taratibu usoni. Sentensi ile ile niliyomwomba chumbani kwangu, wakati ilikuwa na bei ya kututajirisha wote wawili, alikuwa ameitoa bure, na mnunuzi alishaondoka zamani.

Mshili akasema basi hapa hakuna cha kugawanywa. Niliwaaga wazee, nikamfunga mama kanga yake iliyokuwa imelegea begani, nikamwambia chumba cha pili ni chake. Tulishuka pamoja hadi barabarani.